Mfupa wa shavu unapokatwa mara ya pili

Kupunguza mifupa ya mashavu ni upasuaji ambao wengi wetu hapa Lubumbashi tunauona kwenye simu tu. Korea ya Kusini na China ni kazi ya kawaida: huko uso mwembamba unapendwa, na mashavu yaliyotanuka pembeni yanasemekana kumpa mwanamke sura kali. Kwetu mashavu hayohayo yanasifiwa. Lakini watu wanasafiri. Wanakwenda kusoma, wanafuata bidhaa Guangzhou, wanaishi miaka kati ya watu wenye macho mengine juu ya uzuri, na wachache wanarudi na uso uliochongwa.

Mdogo wangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, ni kati ya hao wachache. Alisoma China, akafanyiwa huko, akarudi. Siku moja alikaa barazani kwangu Kampemba, akachukua kidole changu akakiweka mbele ya sikio lake la kushoto, kisha akatafuna karanga. "Yaya, uko nasikia?" Nilisikia. Chini ya ngozi kitu kilibonyea kikarudi, kikabonyea tena kikarudi, na kila kiliporudi kulitoka mlio mdogo mkavu. Upande wa kulia palikuwa kimya.

Mlio haukuwa shida yake peke yake. Shavu la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. Mikunjo ya kutoka puani hadi pembe za mdomo ilikuwa imezama pande zote mbili, akawa na sura ya mtu aliyekesha. Na mdomo wa juu, upande wa kushoto, ulikuwa bado na ganzi. Ndugu walimwambia amejitakia, maneno ambayo hayajawahi kumponya mtu. Yeye alitaka kitu kimoja: afanyiwe tena, wamrekebishe.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu "kufanyiwa tena" si jambo moja. Katika malalamiko yake manne, mawili yalitoka kwenye mfupa, moja kwenye nyama, moja kwenye neva. Upasuaji unaotibu la mfupa unaweza kulizidisha la nyama, na lile la neva mara nyingi halitaki kisu kabisa. Mtu akiingia chumba cha upasuaji bila kujua ni lipi linalotibiwa, anatoka na kovu la pili na lalamiko lilelile.

Mfupa wenyewe

Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, ukisogeze kuelekea jichoni. Unapita juu ya mfupa mwembamba, mrefu. Hilo ni tao la shavu. Linaanzia pembeni mwa fuvu, linasimama mbali nalo kama mshikio wa kikombe, kisha linakwenda kuungana na kiwiliwili cha mfupa wa shavu chini ya jicho. Kiwiliwili hicho nacho kimeshikamana na mfupa wa paji kwa juu, na taya la juu kwa mbele.

Katika uwazi ulio kati ya tao na fuvu unapita msuli wa kando ya kichwa, ule unaocheza ukiuma meno, ukishuka kushika ncha ya taya la chini. Na kwenye ukingo wa chini wa tao unaanzia msuli mwingine, mnene, unaokwenda hadi pembe ya taya. Huo wa pili ndio wa kuukumbuka. Kila unapotafuna unavuta taya juu, na kwa nguvu ileile unavuta mfupa wa shavu chini. Mwenye mfupa mzima hajui kitu. Aliyekatwa mfupa na haujaungana anavutwa shavu chini kwenye kila mlo, tangu uji wa asubuhi hadi bukari ya usiku.

Upasuaji huu ulianza kama kazi ya kuparua. Mwaka 1983 daktari Onizuka wa Japani na wenzake walieleza namna ya kupunguza shavu, na zama hizo mfupa ulisagwa tu hadi upungue. Njia hiyo ina kikomo, kwa kuwa mfupa huo si mnene, na nyuma ya sehemu yake ya mbele kuna uwazi wa sinasi, chumba cha hewa kando ya pua. Leo wengi wanakata. Daktari anapasua ndani ya mdomo juu ya fizi za juu, anainua nyama pamoja na utando unaofunika mfupa, kisha anakata mfupa kwa umbo la herufi L, mara nyingi akitoa ukanda wa milimita chache. Halafu, kupitia tundu dogo kwenye nywele za kando ya sikio, anakata mwisho wa tao. Kipande chote sasa kimelegea. Anakisukuma ndani na kukifunga kwa vibati na skrubu za titani, mbele na nyuma.

Wapo wasiofunga nyuma. Wapo hata wanaotangaza kutofunga kama sifa: muda mfupi, chuma kidogo mwilini. Wagonjwa wao wengi wanapona vizuri, na hilo ndilo linalofanya mtindo huo uendelee. Lakini ukishajua ule msuli unavuta wapi, unaona kwamba mfupa ulioachwa bila kufungwa unategemea bahati na utii wa mgonjwa.

Mfupa usioungana

Mfupa uliokatwa unaungana kwa masharti mawili: ncha zigusane, na zitulie. Wiki sita hadi nane za mwanzo ndizo zinazoamua mengi. Ukitolewa ukanda mpana kupita kiasi, ncha hazigusani. Kibati kikiwa kidogo au skrubu zikiwa zimeshika mfupa mwembamba kama ganda la yai, zinalegea. Mgonjwa akirudi mapema kwenye miwa, mahindi ya kuchoma na nyama ngumu ya mbuzi, msuli unashinda chuma. Sigara nayo inapunguza damu inayofika kwenye jeraha. Na maambukizi yakiingia kutoka mdomoni, mambo yote hayo yanakutana.

Mfupa ukishindwa kuungana, mwili unajaza pengo kwa nyama ya kovu. Kuna watu wanaoishi na pengo hilo bila kujua: haliumi, halilii, halisogei. Skana, yaani picha za eksirei zinazoonyesha kichwa kipande kwa kipande, ikipigwa baada ya mwaka inaonyesha mstari mweusi pale mfupa ulipokatwa, mgonjwa anaingiwa na hofu. Mstari peke yake si ugonjwa. Pengo lililotulia na lisilobadilisha sura huachwa. Linalotibiwa ni lile linalocheza, linalouma, au lililoacha kipande kishuke.

La mdogo wangu lilikuwa la kutibiwa. Skana ilionyesha upande wa kulia mfupa umeshikana mbele na nyuma. Kushoto, kibati cha mbele kilikuwa kimening'inia kwenye skrubu zilizolegea, na nyuma hapakuwa na kibati. Kipande chote cha shavu kilikuwa kinaelea ndani ya kovu, kimeteleza chini. Basi mlio na shavu kushuka yalikuwa jambo moja lenye dalili mbili.

Hapa upasuaji wa pili una kazi ya wazi. Daktari anafungua njia ileile ya mdomoni, anatoa chuma kilicholegea, anakwangua kovu lililo kati ya ncha hadi afikie mfupa unaotoa damu, kwa kuwa mfupa mkavu hauungani na kitu. Anainua kipande, anakirudisha mahali pake, anakifunga kwa vibati vyenye nguvu zaidi, na safari hii tao halisamehewi. Pengo likiwa kubwa anachukua kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe, kutoka ukingo wa nyonga au ganda la nje la fuvu, akakijaza. Mambo yakiwa magumu sana, inabidi kupasua ndani ya nywele kutoka sikio hadi sikio na kuishusha ngozi ya paji ili mfupa wote uonekane. Inatisha kuisikia, ila kovu lake hufichwa na nywele, na daktari anaona anachofanya badala ya kupapasa.

Ugumu uko kwenye njia, si kwenye lengo. Kovu limeunganisha tabaka zilizokuwa zinaachana kwa urahisi mara ya kwanza. Matundu ya skrubu za zamani yamekula mfupa mzuri. Na tawi la neva linaloinua nyusi, ambalo linapita juu ya tao, sasa limegandamana na kovu; likijeruhiwa, nyusi ya upande huo hainyanyuki tena, au inakaa miezi bila kunyanyuka.

Nyama iliyoshuka

Hili ndilo linalowaudhi watu wengi, na ndilo gumu kuliko yote. Ngozi na mafuta ya shavu havielei hewani. Vimefungwa kwenye mfupa kwa kano ndogo, ngumu, hasa pale shavu linapotokeza. Daktari anapoinua nyama na utando ili aone mfupa, anazitoa kano hizo mahali pake. Akishamaliza, mfupa umekuwa mdogo lakini ngozi ni ileile, na kamba zilizoishika zimekatika. Kwa msichana wa miaka ishirini na kitu ngozi inajikaza yenyewe kiasi. Kwa mwenye arobaini na zaidi, au aliyekuwa na mashavu mazito tangu mwanzo, nyama inateremka, mikunjo ya kando ya mdomo inazama.

Shavu linaloshuka lina sababu mbili zinazofanana kwenye kioo. Huenda mfupa umeshuka na kuburuta nyama. Huenda mfupa uko sawasawa na nyama imejishukia yenyewe. Skana ndiyo inayozitenganisha. Ikiwa ni mfupa, kuuinua na kuufunga upya kunasaidia. Ikiwa ni nyama, kufungua mfupa tena maana yake ni kukata hata zile kano chache zilizokwisha kujishikiza upya. Nimesoma wagonjwa wanaosimulia upasuaji wa pili, kisha wa tatu, kila mmoja ukiongeza kushuka ambako ulikuja kukuondoa, na kila mara kwa sababu hiyo.

Dawa ya nyama ni ya nyama. Upo upasuaji wa kuinua sehemu ya kati ya uso, ambapo tabaka la ndani linavutwa juu na kushonewa mahali imara. Upo wa kuinua uso mzima kupitia mbele ya masikio. Kuna nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi kwa sindano. Hizo zinavuta kidogo na kwa muda mfupi, na anayekuahidi kwamba zitarudisha shavu lililoshuka kwa kupoteza mfupa anakuuzia matumaini. Kuna pia mafuta yanayotolewa tumboni au pajani na kudungwa shavuni. Sehemu ya mafuta hayo hufa, ndiyo maana mara nyingi hurudiwa. Na kila sindano ya kujaza uso, iwe ya mafuta au ya dawa, ina hatari adimu lakini mbaya: ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kupofusha jicho. Sindano ya namna hiyo haifanyiwi kwenye kiti cha saluni.

Wengine wana shida ya kinyume, walipunguzwa mno. Uso umekuwa bapa, chini ya macho pamezama. Tusidanganyane: sura ya zamani hairudi kamili, maana ule ukanda wa mfupa ulitupwa siku ileile. Kinachowezekana ni kusogeza kipande nje na kujaza pengo kwa mfupa wa kupandikiza, kuweka pandikizi juu yake, au kujaza kwa mafuta. Na waliopunguzwa kidogo, wakabaki wanaona shavu la mbele limetokeza vilevile, wengi wao walisukumwa tao la pembeni huku kiwiliwili kikiachwa. Hao ni rahisi kidogo kuwarudia, mradi mfupa uliobaki unatosha.

Ganzi, na mdomo usiofunguka

Neva inayohisi kope ya chini, ubavu wa pua, mdomo wa juu na meno ya juu ya mbele inatoka kwenye tundu dogo la mfupa chini ya jicho, hatua ndogo tu kutoka pale kisu kinapopita. Ikivutwa wakati wa upasuaji inalala. Neva ikiwa imekatika inaota upya kwa kasi ya kama milimita moja kwa siku. Ikiwa imevutwa tu inaamka mapema zaidi. Mtekenyo na hisia kama ya sisimizi wanaotembea ni dalili njema. Madaktari husubiri miezi sita hadi mwaka kabla ya kukata tamaa, na upasuaji wa pili hauiamshi neva, isipokuwa pale skana inapoonyesha skrubu au kipande cha mfupa kimeikandamiza. Vinginevyo unaivuta tena neva iliyokuwa inaanza kupona.

Mdomo ni hadithi nyingine. Mtu mzima anafungua kiasi cha vidole vitatu vilivyosimamishwa kati ya meno. Wiki za kwanza kila mtu anapungukiwa, kwa uvimbe na maumivu, na mazoezi ya kufungua polepole yanatosha. Ikiwa miezi imepita na vidole viwili tu ndivyo vinavyoingia, huenda tao limesukumwa ndani mno hadi likabana ule msuli wa kando ya kichwa au likagonga ncha ya taya. Hakuna zoezi litakaloishinda hiyo. Tao linakatwa na kurudishwa nje kidogo, au ncha ya taya inapunguzwa.

Kungoja, na lini usingoje

Uvimbe wa uso unadanganya. Sehemu kubwa inaondoka ndani ya wiki chache, lakini ule wa ndani unachukua miezi sita, kwa wengine mwaka, na haupungui sawa pande zote mbili. Mtu anayejipima kila asubuhi kwenye kioo katika mwezi wa pili anapima maji, hapimi mfupa. Ndiyo maana madaktari wengi hawakubali kurudia kabla ya miezi sita.

Kuna yasiyongoja. Usaha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kuona vitu viwiliviwili, uoni kufifia ghafla, au mfupa uliohama wazi ndani ya wiki za mwanzo: huu wa mwisho ni heri ufungwe upya mapema kabla kovu halijakomaa. Homa nayo ina shida yake huku kwetu. Mtu anarudi kutoka safari na mshono mdomoni, anapata homa, nyumbani wanampa dawa ya malaria kabla ya kupima damu. Apimwe malaria, ndiyo, lakini munganga, yaani daktari, afungue na mdomo atazame.

Kuna mambo mengine ambayo kliniki za Asia huenda zisiulize kwa sababu kwa wagonjwa wao ni nadra. Ngozi nyeusi inaota keloidi, kovu nene linalovimba kupita jeraha lenyewe, kwa urahisi zaidi, na kandokando ya sikio ni mahali pake pa kupenda. Mwenye keloidi ya hereni amwambie daktari kabla hajachagua mahali pa kupitisha kisu. Na selimundu, ile tunayoiita SS: anayeugua na kulazwa kwa nusukaputi bila daktari kujua anawekwa hatarini, kwa kuwa baridi, upungufu wa maji na upungufu wa hewa vinaweza kuamsha maumivu makali na mengine mabaya zaidi. Kipimo chake ni cha damu tu.

Waliovunjika na pikipiki

Mtu atauliza kama hapa Lubumbashi kuna anayeijua kazi hii. Swali likiwa ni la kupunguza mashavu kwa ajili ya urembo, si kazi ya kila siku. Lakini mfupa wa shavu wenyewe unajulikana sana na madaktari wa uso na taya, kwa sababu pikipiki zinauvunja. Shavu linazama, jicho linashuka, mdomo haufunguki, mdomo wa juu una ganzi: orodha ni ileile. Mwaka 1927 Harold Gillies na wenzake, Uingereza, waliandika namna ya kuinua shavu lililovunjika kwa chombo kinachopitishwa chini kutoka kwenye nywele za kando ya kichwa, na njia hiyo bado inatumika.

Katika wiki mbili za kwanza mfupa uliovunjika unarudishwa bila taabu kubwa. Ukipita mwezi, kwa kuwa pesa ilikuwa inatafutwa au mtu alikandwa nyumbani kwanza, umeshashikana vibaya na hauinuliwi tena. Lazima ukatwe upya, usogezwe, ufungwe. Huyo mgonjwa aliyechelewa ndiye pacha wa mgonjwa wa upasuaji wa marudio. Daktari aliyezoea kuvunja na kupanga upya mashavu ya ajali za zamani anazo hatua zote mkononi.

Tofauti iko kwenye kipimo. Aliyeanguka na pikipiki mara nyingi ana shavu moja zima, na daktari anaiga hilo. Aliyekatwa pande mbili hana upande wa kuiga. Anachoweza kuleta ni skana ya kabla ya upasuaji wa kwanza, akiwa nayo.

Mdogo wangu alifanyiwa Johannesburg, upande wa kushoto peke yake. Daktari aligoma kugusa wa kulia, na aligoma pia kuahidi chochote juu ya mikunjo. Alikula sombe iliyopondwa, viazi na uji kwa wiki nyingi, analalamika kila siku. Mlio umekwisha, mashavu yako sawa. Mikunjo iko palepale. Ganzi imebaki kama sarafu ndogo chini ya pua. Kuinua nyama alikataa, na sidhani alikosea; tayari alikuwa amepata kile ambacho kisu kingeweza kumpa bila kumnyang'anya kingine.

Kabla ya kukata tena

Si kila anayetaka kurudia anahitaji kurudia. Picha ya simu inayopigwa karibu na uso inakuza pua na katikati, inabadilisha upana wa mashavu. Na picha ikigeuzwa kinyume cha kioo, kila uso wa binadamu unaonekana umepinda. Kuna pia watu ambao kasoro imewakalia kichwani: wanajitazama kwa saa nyingi, wanakwepa watu, wanatoka upasuaji mmoja wakiwa tayari wameona kasoro nyingine. Huo ni ugonjwa unaojulikana, unatibiwa kwa mazungumzo na dawa, na kisu hakiufikii. Daktari anayekataa kumpasua mtu wa namna hiyo amefanya kazi yake. Mimi ningeanza na jaribio dogo: je, mtu asiyeambiwa kitu anaiona kasoro hiyo? Na je, wewe unaweza kuitaja kwa sentensi moja?

Ukishaweza, piga skana. Hapa mjini zipo. Omba vipande vyembamba, vya milimita moja au pungufu, na usiridhike na ile picha nzuri ya fuvu inayozunguka. Kompyuta inapotengeneza picha hiyo inafuta mfupa mwembamba na kuchora tundu mahali ambapo mfupa upo. Pengine inaziba pengo la kweli. Mwenye kujua anasoma vipande kimoja kimoja.

Kisha tafuta karatasi. Iandikie kliniki ya kwanza, uombe ripoti ya upasuaji: walikata wapi, walitoa milimita ngapi, wameweka vibati vingapi na vya kampuni gani, maana skrubu ya kampuni moja mara nyingi haifunguki kwa bisibisi ya nyingine. Omba mafaili ya skana zao yenyewe, si picha ya skrini iliyotumwa WhatsApp. Kama mkataba unasema marudio ni bure, soma muda wake, na ukumbuke kwamba tiketi na viza haviko ndani ya hiyo bure.

Ukikaa mbele ya daktari mpya, muulize atafanya nini akifungua akakuta skrubu za zamani zimefunikwa na mfupa. Aliyewahi kurudia kazi ya mwenzake hababaiki. Atakwambia ataziacha zile zisizomzuia, kwa kuwa titani haina ubaya ikikaa mwilini, na zake atazifunga pembeni, kwenye mfupa ambao bado haujatobolewa.